Kovu Nililoliondoa kwa Wembe

Wiki iliyopita niliwaacha pale ambapo picha yangu ilishinda. Niliwaambia kwamba watu wa soko la Mpanda walizilinganisha picha mbili, yangu na ya kijana Methusela, wakakubaliana kwamba kamera ya mzee Kasimiri haina mpinzani. Mkafurahi pamoja nami. Wapo walioniandikia hata barua za pongezi.

Leo nazirudisha pongezi zenu. Kuna kitu nilikiruka.

Kwa ambaye hakuwa nasi, mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1995 nilikuwa na studio ya picha mbele ya nyumba yangu, karibu na soko. Kamera yangu aliniachia Bruda Alois wa misheni ya Karema, nzito kama tofali, ya kukunjua, na filamu zake nilizisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza nyuma ya nyumba. Nyeusi na nyeupe tu.

Akaja Methusela, mwana wa Malale, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake aliuza ng'ombe kumnunulia kamera ndogo ya kisasa. Ile ilikuwa na flashi yake ndani, inapiga za rangi, na pembeni ya picha inaandika tarehe kwa tarakimu nyekundu. Filamu zake zilikwenda Tabora kwa treni kusafishwa, na bado watu walikubali kusubiri. Mimi nikabaki napiga mbu.

Ndipo akatokea Venerande wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Alikuwa na miaka tisa walipoikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, akapotezana na mama yake njiani. Miaka ishirini na mitatu baadaye rafiki yangu Stanslaus, mfanyabiashara wa samaki wa Karema anayevuka ziwa mpaka Zaire, akasikia huko ng'ambo habari za mama mzee aitwaye Donatille anayemtafuta binti wa jina hilohilo.

Mama hawezi kusafiri, na jicho moja limeshaingia ukungu. Venerande hana karatasi za kuvuka mpaka. Basi iende picha, na kwa jicho lile moja lililobaki, picha iwe safi kuliko zote za Mpanda.

Tukampiga picha sote wawili siku moja, mimi kwanza, Methusela nusu saa baadaye. Hapo ndipo ubishi wa kamera ulipoanzia.

Sasa lile nililoliruka.

Venerande alikuwa na kovu. Kovu kubwa la moto, shavu la kushoto, limeanzia chini ya jicho likateremka mpaka kwenye taya. Wiki iliyopita sikulitaja hata mara moja. Kama gazeti mnalo bado, angalieni.

Nilipoisafisha filamu picha ilitoka safi, hilo naapa. Punje za rozari yake ungeweza kuzihesabu, na maua ya kitenge chake moja moja. Lakini jicho la mtu likitua linakimbilia kwenye kovu, na rozari haina wa kuihesabu. Mimi nilitaka kushinda.

Bruda Alois alinifundisha kuitengeneza negativu, ile filamu iliyosafishwa ambayo picha huchapwa kutoka kwake. Ya kamera yangu ni kubwa, pana kama kadi ya kliniki, kwa hiyo mkono unapata nafasi. Pale penye weusi uliozidi unagusa kwa ncha ya penseli. Pale panapong'aa kupita kiasi unakwangua kidogo kidogo kwa wembe. Yeye alinifundishia chunusi za maharusi. Mimi nilikaa saa mbili mezani, nikaliondoa shavu zima la mtu.

Penseli inafutika. Wembe haurudi. Ulichokikwangua kimekwenda, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Siku ya kulinganisha, picha zote mbili zilibandikwa kwenye mlango wa studio yangu. Venerande mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwao Katumba, na pale sokoni hakuna aliyemjua sura. Hilo nililipanga.

"Huyu wa rangi ana macho mekundu kama paka," alisema muuza miwa.

"Na mashavu yamefura," akaongeza mwingine. "Flashi imemchoma huyu."

"Hii tarehe je? Imewekwa usoni mwa mtu kama alama ya ng'ombe," nikasema mimi, na watu wakacheka.

Methusela alisogea akaitazama picha yangu kwa karibu. Akaitazama tena. Akanigeukia kwa adabu, mikono nyuma.

"Mzee, lakini yule mama ana kovu."

"Kovu gani?"

"La hapa. Kwenye yangu linaonekana. Kwenye yako halipo."

Watu wote wakageuza macho kwangu. Ningeweza kucheka tu, nikasema kijana ana macho, nimemtengeneza kidogo mteja wangu. Ingeishia hapo.

"Kijana," nikamwambia, "hicho ni kivuli cha flashi yako. Mimi napiga picha tangu baba yako hajaoa. Kamera nzuri inaonyesha uso. Kamera ya kuchezea inaonyesha uchafu wake yenyewe."

Walicheka mpaka muuza miwa akaweka panga chini. Methusela akasogea kando. Mtoto aliyelelewa vizuri habishani na mzee mbele za watu, nami nililijua hilo nilipokuwa nafungua mdomo.

Tangu siku ile wateja wake wakapungua. Mtu akipita pale kwake walikuwa wakimtania, "Usije ukapigwa kovu." Utani ule niliutunga mimi.

Nikazichukua picha zote mbili, ya Methusela ameirudisha mwenyewe ndani ya bahasha yake, nikapanda baiskeli mpaka Katumba kumpelekea mwenyewe achague. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea yangu kwanza. Alikaa nayo muda mrefu, ameisogeza kwenye mwanga wa mlango. Kidole chake kilikwenda kwenye lile shavu la karatasi, kikapapasa.

"Kumbe ndivyo ningekuwa," akasema.

Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Halafu akaipokea ya Methusela. Hii aliitazama haraka, kama mtu anayejitazama kwenye kioo akiwa na haraka ya kwenda sokoni. Akaniambia, "Zipeleke zote mbili, mzee. Mama achague mwenyewe."

Nawaomba mlisome vizuri jibu langu, maana ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

"Ukipeleka mbili utamchanganya," nikamwambia. "Jicho lenyewe moja. Ataona nyuso mbili, atadhani ni watu wawili. Peleka moja, iliyo safi."

Akafikiri. Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Haya. Hii nyingine nitunzie kwako. Kwangu panya watamaliza."

Akairudisha picha ya Methusela kwenye bahasha, akanikabidhi kama alivyoipokea. Yangu ikaenda Karema kwa lori la samaki, Stanslaus akavuka nayo ziwa.

Bahasha ile ilikaa kwenye droo ya kabati langu siku sita. Kila nikifungua droo naiona. Nikawaza, siku moja mtu atazishika picha hizi mbili pamoja, Venerande mwenyewe akiwa amesimama mbele yake, na mzee Kasimiri ataonekana ni tapeli. Siku ya saba nikaingia jikoni Dafrosa mke wangu alikokuwa ameinjika maharage, nikainua sufuria, nikaitumbukiza bahasha kwenye mkaa bila kuifungua.

Harufu ya plastiki ikajaa jikoni.

"Unachoma nini, baba Pudensiana?"

"Karatasi za studio."

"Karatasi gani zinanuka hivyo?"

Hata mimi nilijiuliza. Lakini sikutaka kujua sana, nikatoka nje.

Basi. Hicho ndicho nilichokiruka. Sasa tuendelee na yaliyofuata.

Jumanne moja, majuma matano baadaye, dereva wa lori la samaki alileta barua kutoka Karema. Mimi nilikuwa nimezamisha mikono kwenye dawa ya kusafishia picha. Nikamwita Dafrosa anisomee.

Ndani mlikuwa na barua mbili. Fupi ilikuwa ya Stanslaus. Ndefu aliiandika katekista wa huko ng'ambo kwa maneno ya mama Donatille. Na katikati ya barua ilikuwepo picha yangu, imerudishwa.

Dafrosa akasoma kwa sauti, mlangoni penye mwanga.

"Kwako wewe unayejiita Venerande. Picha yako nimeipokea. Nimeisogeza mpaka imegusa pua yangu, nimeitazama siku tatu. Wewe si mwanangu. Mwanangu nilimuunguza kwa mkono wangu mwenyewe, kwa uji uliokuwa unachemka, akiwa na miaka sita. Kovu lake nalijua kuliko ninavyoyajua majina ya wanangu wote. Wewe shavu lako ni zima. Namshukuru Mungu kwa ajili yako, lakini hukuzaliwa na mimi."

Dafrosa akasita. Alinitazama. Nikamwambia aendelee.

"Ni mara ya tatu sasa watu wananijia na binti asiye wangu. Wa kwanza walikuja hata na mashahidi. Msiniletee picha nyingine yenye kovu, nitajua mmelichora kwa kuwa nimewatajia. Nimechoka kungoja. Tarehe kumi na tano mwezi ujao tutamaliza msiba wa mwanangu Venerande kama inavyomalizwa misiba ya watu wote, tuoge, tunyoe, tugawane nguo. Baada ya hapo msinitajie tena jina lake."

Stanslaus kwa upande wake aliandika mistari mitatu. Mama amedhoofika. Boti yake yeye Stanslaus inavuka Jumamosi, na baada ya hapo hatavuka tena mpaka mwishoni mwa mwezi ujao. Kama kuna la kufanya, lifanyike sasa.

Nilihesabu. Jumanne mpaka Jumamosi, na Karema ni safari ya siku nzima kwa lori, barabara ikiwa na huruma.

"Kovu gani anasema huyu mama?" Dafrosa akauliza.

Nilikuwa naifuta mikono.

"Baba Pudensiana, nakuuliza. Kovu gani?"

Nikamweleza la wembe. La bahasha sikumweleza. Hakupiga kelele. Aliikunja barua vizuri, akaiweka mezani, akakaa kwenye kiti cha wateja, kile kiti Venerande alichokalia siku ya kupigwa picha.

"Umemuua mtoto wa mtu," akasema. "Yuko mzima, analima mahindi yake Katumba, na mama yake anakwenda kumwogea msiba. Nenda ukamwambie."

"Nitakwenda. Nipite kwanza kwa Methusela."

"Methusela anahusika nini?"

"Yeye ana negativu."

Hiyo ndiyo hesabu yangu iliyobaki. Picha nimechoma, lakini negativu iko kwa mpigaji, kama zangu zote zilivyo kwangu. Mteja wangu akitaka nyingine lazima arudi kwangu, ndivyo nilivyoishi mjini miaka yote. Methusela atanipa negativu, iende Tabora na treni, nami nitakwenda Katumba na dawa mkononi, si na jeraha peke yake.

Nilimkuta kwenye kichumba chake, njia ya stesheni, anakata picha za pasipoti za wanafunzi kwa mkasi. Aliponiona alisimama, akanipa kigoda, yeye akabaki amesimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Methusela, nimekuja na neno baya."

Nikamwambia lote la kovu na la barua. Wakati naongea aliuweka mkasi mezani na hakuugusa tena.

"Kwa hiyo siku ile sokoni," akasema, "ulijua."

"Nilijua."

"Mimi nilirudi nyumbani nikaikagua kamera. Nilimwambia baba labda kweli flashi ni mbovu. Akaniambia ng'ombe hawarudi." Akazipanga zile picha za wanafunzi. "Nimekuwa nikiwapiga watu bila flashi tangu siku ile, mzee. Picha zinatoka na giza, nasema ni mimi sijui."

Nilitaka ardhi ya stesheni inimeze. Sikuwa nimefikiria kwamba aliniamini.

"Naomba negativu ya yule mama," nikasema. "Ya siku ile ile. Nitasimama popote utakapotaka, niseme mbele za watu kwamba kamera yako ilikuwa sawa na mimi ndiye niliyedanganya. Nisaidie tu negativu."

"Mama kwanza," akasema Methusela. "Hayo ya kwangu yatasubiri."

Nikashusha pumzi. Akainama kutafuta kitu chini ya meza, nikadhani anatoa boksi. Kumbe anatafuta kigoda kingine akae.

"Lakini negativu mimi sina," akasema.

"Huna vipi?"

"Mimi siziweki. Mteja akilipia, nampa vyote, picha na negativu zake. Ni mali yake, uso ni wake. Nilizikata nikaziweka ndani ya bahasha, nyuma ya picha. Waulize watu wote, ndivyo ninavyofanya."

Ile harufu ya jikoni ikanijia puani pale pale.

"Bahasha si anayo mwenyewe?" Methusela akauliza.

"Ndiyo," nikajibu. "Iko salama."

Nilimwambia hivyo dakika mbili baada ya kumwungamia. Mnaonisoma kila wiki mnadhani mabaya yangu yanatoka mbali, kwa maadui na bahati mbaya. Hapana. Yanatoka hapa hapa mdomoni.

Jumatano asubuhi nikapanda baiskeli kwenda Katumba, barua kwenye mfuko wa shati. Njiani nilijifundisha maneno. Nitasema mawili, la wembe na la moto. Nitayasema kwa mpigo mmoja bila kupumua, halafu anifanye anavyotaka.

Venerande alikuwa uani anaanika mahindi kwenye turubai. Aliniletea maji ya kunywa kabla hajauliza kitu. Nikampa barua, picha iliyorudishwa ikiwa ndani yake. Kusoma alikuwa anajua, polepole, midomo ikicheza.

Nilimwona alipofika kwenye uji. Nilimwona alipofika kwenye msiba. Alimaliza, akaikunja, akaishika kifuani. Kovu lilikuwa upande wangu, jua limelipiga, na hakukuwa na kivuli chochote cha flashi pale.

"Mama Venerande," nikaanza. "Kovu halikuondoka kwa bahati mbaya. Nililiondoa mimi. Nilitaka picha yangu ipendeze kuliko ya yule kijana. Nilichukua wembe."

"Najua."

Nilidhani hakunisikia.

"Nasema nililikwangua kwa makusudi."

"Mzee, huu uso ni wangu," akasema. "Nimeuosha kila asubuhi. Unafikiri niliishika picha ile nisione?"

"Sasa kwa nini ulikubali iende?"

Aliketi kwenye ukingo wa turubai, akaanza kuokota punje zilizomwagikia mchangani. Aliongea akiokota.

"Mama yangu tangu aniunguze hakuwahi kunitazama upande huu. Akinisuka anakaa upande wa kulia. Akinipa chakula ananipa kwa upande wa kulia. Nikilala anageuza mkeka. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa. Sasa wewe ukaja na picha, shavu limepona. Nikasema, acha anione mzima. Acha ajue halikunidhuru kitu. Afe na raha." Akazitupia punje kwenye turubai. "Kumbe miaka yote hiyo alikuwa analitafuta hilo hilo. Nimemfichia kitu pekee alichonijulia."

Ndugu msomaji, nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Matusi yangenisaidia. Yule mama akachukua nusu ya kosa langu akajitwisha mwenyewe, nami niliketi pale namwangalia akilibeba.

"Si kosa lako," nikasema. "Wewe ulitaka kupeleka zote mbili. Mimi ndiye niliyekukataza."

Akaacha kuokota. Akaniinulia macho, na hapo niliona uso wake ukibadilika, ukawa uso wa mtu aliyekumbuka mahali alipoweka ufunguo.

"Zote mbili," akasema. "Ile ya Methusela."

Nikajua kinachokuja.

"Anasema tusipeleke picha yenye kovu, tutakuwa tumelichora baada ya kusoma barua yake," Venerande akaendelea, maneno sasa yanakimbia. "Lakini ile ya rangi ina tarehe. Pembeni pale, kwa nyekundu. Ni ya kabla ya barua, ni siku moja na hii isiyo na kovu. Kitenge ni kile kile, rozari ni ile ile. Katekista atamsomea tarehe. Wataziweka pamoja, ataona ni mtu mmoja, na wewe utaandika kwa mkono wako kwamba ulilifuta. Utaandika, mzee?"

"Nitaandika."

"Stanslaus anavuka lini?"

"Jumamosi."

"Basi tunawahi." Alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka, na shavu la kushoto halikucheka sawasawa na la kulia. "Mungu ni mkubwa. Nilikuachia wewe, nikasema kwangu panya watamaliza. Ile bahasha iko wapi, mzee Kasimiri?"

Hapa ndipo palikuwa mahali pa lile neno la pili. Nililiandaa tangu Mpanda. Lilikuwa fupi, maneno mawili tu, nimeichoma moto. Nikafungua mdomo, na yeye ananitazama hivi, na mahindi mkononi, amesamehe la kwanza kabla sijaliomba.

"Iko studio," nikasema. "Kabatini."

"Una uhakika?"

"Nimeifungia na ufunguo. Kesho asubuhi nitaipeleka mwenyewe kwenye lori. Wewe usijisumbue."

Nilikuwa natafuta usiku mmoja tu. Labda Methusela ana moja iliyobaki. Labda Tabora walibaki na nakala. Mtu aliyebanwa anaweza kuamini lolote, na mimi niliyaamini yote mawili kwa pamoja.

Venerande akasimama, akakung'uta kitenge.

"Sitalala mpaka niishike," akasema. "Kibali cha kutoka ninacho, nilikichukua Jumatatu nikatafute mbolea. Ngoja nivae viatu. Nataka niiandike nyuma kwa mkono wangu mwenyewe, kwa Kirundi, aone mwandiko."

"Jua ni kali, mama. Baiskeli yangu ni mbovu."

"Nimetembea kutoka Burundi," akanijibu kutoka ndani ya nyumba.

Alitoka amevaa kile kitenge cha siku ya picha, na rozari shingoni. Akamwita jirani aangalie mahindi. Akamwambia kwa Kirundi maneno mengi ambayo sikuyaelewa, ila neno mama nililisikia mara tatu, na jirani yule akanijia, mama mtu mzima, akanishika mikono yangu yote miwili akanishukuru.

Kisha Venerande akapanda kwenye keria, akakaa upande, akashika shati langu nyuma.

Nikakanyaga pedeli. Nyumbani alikuwepo Dafrosa, ambaye hajui kudanganya na ambaye harufu ya jiko lile aliinusa kwa pua yake. Kabatini hamkuwa na kitu. Na safari yote yule mama alikuwa ananisimulia nyuma ya mgongo wangu jinsi mama yake alivyokuwa akiimba anaposuka, akiniuliza kila mara kama nimechoka ashuke tutembee, nami nikamjibu kila mara kwamba sijachoka.